Ramani Isiyo na Mwenyeji

Jiografia ni elimu ya mahali. Mahali hapana maana bila ya jina, na jina halina uhai bila ya mtu wa kulitamka. Natangulia na maneno haya kwa sababu katika miaka ya karibuni umezuka mtindo wa kufundisha jiografia kwa ziara za ramani zinazotazamwa katika kompyuta, na mtindo huo umepokewa na watu wa makundi mawili. Kundi la kwanza hushangilia kila king'aacho, na kundi la pili hukinunia kila kilicho kipya. Mimi nina ugomvi na makundi yote mawili. Lakini ugomvi wangu mkubwa ni na sisi wenyewe, walimu na wanafunzi wa Kiswahili, tuliokaa kando tukitazama kana kwamba jambo hili halituhusu.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona, ziara ya ramani ni jambo jepesi kueleza. Mtungaji huchukua ramani, au picha ya ardhi iliyopigwa na setilaiti, akaweka alama mahali kadha wa kadha kwa utaratibu aupendao. Katika kila alama hutia picha, maelezo, na pengine sauti. Mtazamaji akibonyeza, ramani humchukua kama mwewe kutoka alama ya kwanza hata ya pili, na kutoka ya pili hata ya tatu, mpaka safari ikome. Miguu haichoki wala nauli hailipwi. Sioni aibu kukiri kwamba ni chombo kizuri, na kwamba mara ya kwanza nilipokiona nilifurahi kama mtoto.

Kazi hiyo niliiona ikifanywa Kidodi, katika wilaya ya Kilosa, nilikokwenda kwa shughuli za jamaa. Mwalimu mmoja kijana alinikaribisha darasani kwake. Shule sitaitaja, kwa maana kosa nitakalolisimulia si lake peke yake. Tuliruka hata Niagara, tukaona maporomoko. Tuliruka hata Grand Canyon, tukaona korongo. Tuliruka hata Uholanzi, tukaona mashamba yaliyo chini ya usawa wa bahari. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza, na mwalimu alisimama kando ya ukuta akiyafasiri sentensi baada ya sentensi, kama mkalimani wa mahakama. Kipindi kilipokaribia kwisha, msichana mmoja aliomba aonyeshwe kwao. Mwalimu akaandika jina la Kidodi, na ramani ikashuka. Tukaona mapaa ya mabati, miwa iliyopandwa kwa mistari, na mto kama utepe wa rangi ya udongo. Hapakuwa na alama, wala picha, wala neno la maelezo. Msichana akatazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe kwetu hakuna kitu." Wenzake wakacheka, kengele ikalia, na somo likaisha.

Tangu siku ile nimeyasikia maneno hayo mara nyingi moyoni. Mtoto yule hakusema uongo; alisema alichofundishwa. Kwa muda wa kipindi kizima alikuwa ameonyeshwa kwamba mahali penye maana ni mahali penye alama na maelezo. Alipofika kwao akakuta pamenyamaza, akahukumu kwa kipimo alichopewa. Basi na tuipime hukumu yake kwa kupita njia ileile aipitayo yeye, tuone kama ni kweli kwamba kwao hakuna kitu.

Safari na ianzie Mikumi. Jina lenyewe ni somo, kwa kuwa latokana na mikumi, yaani miti ambayo wengine huiita mivumo. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu iendayo Iringa na Zambia yaikata katikati, hata madereva hutakiwa kupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama wavukao. Mtoto akiulizwa ni ipi iliyo na haki ya kwanza mahali pale, barabara au njia ya tembo, amekwisha kuingia katika jiografia kabla ya kufungua kitabu.

Ukiiacha barabara kuu mjini Mikumi ukashika njia ya Ifakara, milima ya Vidunda huwa mkono wa kulia. Ndiyo milima ya Wavidunda, watu na milima wakiwa na jina moja. Kisha huja Kidodi, na miwa ya pande za Ruembe, mingine ya kampuni ya sukari, mingine ya wakulima wadogo wakiuziao kiwanda. Sukari ya Kilombero imetengenezwa katika bonde hili tangu miaka ya 1960. Mbele kuna daraja la mto Ruaha Mkuu, ambao ni mpaka wa wilaya ya Kilosa na ya Kilombero. Neno Ruaha huelezwa kuwa limetokana na neno la Kihehe, luhava, ambalo maana yake ni mto. Kwa hiyo jina tunalolitamka kila siku ni maneno ya watu wa juu ya mto yaliyoteremka pamoja na maji.

Ng'ambo ya daraja ni Kidatu. Hapo maji ya Ruaha huingizwa katika mwamba, yakaporomoka hadi kwenye mitambo iliyojengwa chini ya ardhi. Kituo hicho kilianza kutoa umeme mwaka 1975, na uwezo wake ni megawati 204. Hapo Kidatu vilevile reli mbili hukutana bila kuungana. Reli itokayo Kilosa ina upana wa milimita 1,000. Ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067, ambao ni upana wa reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Tofauti ni milimita 67, nayo haifiki upana wa kiganja cha mtu mzima, lakini yatosha kulizuia behewa la njia moja lisiendelee katika njia ya pili. Katika milimita hizo 67 kuna historia ya ukoloni, ya biashara na ya urafiki wa mataifa.

Mbele zaidi ni Sanje na maporomoko yake ya mita 170 hivi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992. Katika misitu ile yumo kima ambaye wataalamu wa wanyama walimtambua mwaka 1979, wakampa jina la Sanje. Wenyeji walikuwa wakimjua, na wakimwita kwa jina lao, kabla wataalamu hawajafika. Hayo ndiyo mambo ya mahali palipoambiwa kuwa hapana kitu: mwendo usiomaliza siku moja kwa basi la kawaida, na masomo ya mwaka mzima.

Wala si elimu ya kujipamba nayo tu. Maji yapitayo chini ya daraja la Ruaha yana ugomvi. Yatoka nyanda za juu za kusini, yapita Usangu penye mashamba ya mpunga na kinamasi cha Ihefu, yapita Hifadhi ya Ruaha, yaingia bwawa la Mtera, ndipo yaje Kidatu, na mwisho yaungane na Rufiji kwenda baharini. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi katika sehemu zake za juu, ambako zamani ulitiririka mwaka mzima. Katika miaka ya 1990, na tena mwaka 2006, nchi ilikaa gizani kwa mgawo wa umeme, na watu wakaulizana ni nani aliyeyanywa maji: mkulima wa mpunga, mfugaji, au mitambo yenyewe? Watu walihamishwa na mifugo yao kwa sababu ya swali hilo. Mtoto wa Kidodi aishi kando ya jibu, na siku moja atapiga kura juu yake. Asiyejua maji ya mto wake yatoka wapi atayaamini maneno ya kila asimamaye jukwaani.

Sasa naja kwenye hoja yangu. Ziara ya ramani si mtambo. Ziara ya ramani ni insha. Mtambo huleta picha ya ardhi tu. Anayechagua pa kuanzia, pa kusimama, pa kusema na pa kunyamaza ni mtungaji. Ana utangulizi, kiini na hitimisho. Ana msomaji anayemlenga, na ana msimamo, apende asipende. Aliyetunga safari kutoka Niagara hata Grand Canyon hakukosea; aliwatungia watoto wa kwao, kwa lugha yao, akianzia wanakoishi. Kosa ni letu tulioichukua insha ya mtu mwingine tukaisoma darasani kana kwamba ni yetu. Kwa hiyo nasema, bila kuuma maneno, kwamba ziara ya kwanza ya ramani katika kila shule yetu haina budi kutungwa na wanafunzi wa shule hiyo pamoja na mwalimu wao, juu ya mahali wanapoishi, kwa Kiswahili, baada ya kupita kwa miguu. Ziara za nchi za mbali zifuate baadaye.

Nazijua hoja za wapinzani. Ya kwanza husema kwamba mahali pa karibu mtoto apajua tayari, na kwamba faida ya chombo hiki ni kumfikisha asikoweza kufika. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Mtoto wetu ana haki ya kuiona Niagara. Lakini atailinganisha na nini? Elimu ya mahali ni elimu ya kulinganisha, na mlinganisho wahitaji kipimo kilicho mkononi. Anayejua Sanje hutazama Niagara akauliza kwa nini moja ni ndefu na nyembamba na nyingine ni fupi na pana. Asiyejua Sanje hustaajabu tu, na mshangao peke yake si elimu. Zaidi ya hayo, si kweli kwamba apajua kwao. Amepazoea, na mazoea aghalabu ni pazia.

Hoja ya pili husema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Hoja hii nimeisikia hata katika vikao vya wasomi, nami siwezi kuijibu kwa upole. Lugha ya mabaharia na wasafiri wa misafara ikose maneno ya jiografia? Tuna rasi na ghuba, mlango wa bahari na mkono wa bahari, maji kupwa na maji kujaa, kusi na kaskazi, masika na vuli. Tuna korongo, genge, bonde, uwanda, kinamasi, kijito, mkondo, kivuko na maporomoko. Tuna udongo wa mfinyanzi, wa kichanga na wa tifutifu. Watoto wetu hufundishwa jiografia kwa Kiswahili katika shule za msingi, wakaelewa mmomonyoko wa udongo na mwendo wa jua. Kisha huingia sekondari, wakaambiwa waanze upya kwa Kiingereza, kana kwamba ardhi imebadilika katika likizo. Ziara ya ramani yaweza kuwa daraja hapo, kwa kuwa maneno yake hayafungwi na mtihani. Palipo na upungufu wa istilahi, dawa yake ni kuandika. Istilahi hukua kazini. Hazikui katika orodha iliyofungiwa kabatini.

Hoja ya tatu ni ya umaskini, nayo naiheshimu kuliko zote. Shule nyingi hazina kompyuta, nyingine hazina umeme wala mtandao wa kuaminika. Ni kweli. Lakini nauliza: katika kazi ya kutunga ziara, ni sehemu ipi ihitajiyo umeme? Kupita njiani hakuhitaji. Kumwuliza mzee jina la kijito na sababu ya jina hilo hakuhitaji. Kupima upana wa reli kwa futi ya fundi hakuhitaji. Kuandika aya kumi safi na kuzisahihisha mara tatu hakuhitaji. Kuchora ramani ya njia kwenye karatasi hakuhitaji. Inayobaki ni kazi ya saa chache kwa simu ya mwalimu au kompyuta moja ya kuazima mjini. Mashine ikikosekana kabisa, ziara itabandikwa ukutani, karatasi kumi kwa utaratibu, na watoto wataizunguka kwa miguu.

Hapa lipo onyo kwa wale wasemao kwamba tununue vitu vilivyo tayari. Kampuni ya Google ilikuwa na programu mbili zilizopendwa na walimu duniani, moja ikiitwa Tour Builder, ya kutungia ziara, na nyingine Expeditions, ya kutembeza wanafunzi. Zote mbili zilifungwa mwaka 2021. Wahenga walikwisha kusema: usiache mbachao kwa msala upitao. Sisemi tusiutumie msala. Nasema mbacha usitupwe. Insha iliyoandikwa kwanza katika daftari la Kiswahili haifi mtambo ukifa. Huhamishwa kutoka chombo hata chombo, kama abiria mwenye mzigo wake.

Hoja ya nne hutoka kwa watu wa sayansi. Wao husema kwamba setilaiti haikosei, na wenyeji hukosea. Wanikumbushe basi habari ya Jakob Erhardt. Mmisionari huyo, akikaa pwani yetu, alikusanya habari za bara kutoka kwa wafanyabiashara Waswahili na Waarabu, na katika miaka ya 1855 na 1856 ramani yake ikatangazwa Ulaya, ikionyesha ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono, katikati ya Afrika. Mwaka 1857 Burton na Speke waliondoka pwani kwenda kutafuta ukweli, na mwaka 1858 yakafikiwa maziwa mawili mbalimbali: Tanganyika, waliyoifikia wote wawili, na Nyanza, aliyoifikia Speke peke yake. Je, wasafiri wa pwani walisema uongo? Hasha. Walisema habari za maziwa yaliyo mbalimbali, na mkono wa asiyewahi kuyaona ukayaunganisha. Kosa lilizaliwa mahali ambapo habari ya mwenyeji ilitengwa na mwenyeji mwenyewe, asiwepo wa kuusahihisha mstari. Setilaiti kwa upande wake huona paa. Haioni jina la mwenye nyumba, wala haijui kisima kipi hukauka Oktoba. Ukweli wa mahali wahitaji jicho la juu na ulimi wa chini, kila kimoja kikimsahihisha mwenziwe.

Wala sitoi rai ya ndotoni. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, mjini Nairobi, walianza kuuchora mtaa wao katika ramani huria ya dunia iitwayo OpenStreetMap, kwa sababu katika ramani zilizokuwapo mtaa ule wenye umati wa watu ulikuwa kama doa tupu. Mwaka 2015, Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi walianza kuzichora kata zinazofurika maji katika mradi wa Ramani Huria. Mifereji waliipima, na mafuriko yalikofikia waliwauliza walioyaona. Kama vijana waliweza kuchora mitaa iliyosongamana kiasi kile, darasa la Kidodi litashindwa kuandika njia ya kutoka Mikumi hata Sanje?

Lawama yangu ya mwisho ni kwa nyumba yetu. Idara za jiografia zimejitahidi. Idara za kompyuta zimejitahidi. Idara za Kiswahili tumefanya nini? Tumehesabu vina vya mashairi, tukagombana juu ya ngeli, tukamwachia fundi wa mitambo kazi ya kuieleza nchi. Matokeo yake ni ziara zenye picha nzuri na maneno mabovu, au maneno ya wageni. Mwanafunzi wetu huandika insha juu ya faida za maji bila kuutaja mto mmoja kwa jina, nasi twampa alama nzuri.

Natoa shauri moja lisilogharimu fedha nyingi. Kila mwaka wanafunzi wetu wa ualimu hutawanywa nchini kwa mazoezi ya kufundisha. Kila mmoja wao aache nyuma yake ziara moja, yenye vituo visivyozidi kumi, iliyotungwa na wanafunzi wa shule aliyofundisha. Majina ya vijito na vilima yaandikwe kama wenyeji wanavyoyatamka, na maana zake zikiwa zinajulikana. Mambo ya faragha, kama nyumba za watu na makaburi yao, yasitiwe bila ya ruhusa. Nakala moja ibaki shuleni kwa karatasi, nyingine iletwe idarani, nasi tuisome na kuisahihisha kwa uzito uleule tunaousomea diwani. Baada ya miaka kumi tutakuwa na nchi iliyoandikwa kwa lugha yake.

Msichana wa Kidodi aliomba jambo dogo: aonyeshwe kwao. Hatukuwa na cha kumwonyesha, kwa sababu hatukuwa tumeandika. Kabla hatujamlaumu yeye kwa kudhani kwamba kwao hakuna kitu, na tuketi tuandike, na aya ya kwanza aiandike yeye.